Bekstroku (kuogelea chali): miguu inazama, naenda upande, ukuta umenitoa nundu. Gala (mashindano ya kuogelea) ni baada ya wiki 6, nisaidieni

Chali_wa_Kireka

Habari zenu wadau. Naomba msaada na tafadhali msicheke, au chekeni kwanza alafu mnisaidie.

Mi ni baba wa miaka 41, nakaa Kireka, kazi yangu ni ya mezani, mahesabu kutwa nzima. Binti yangu anaogelea na klabu moja hapa Kampala, mwisho wa muhula kuna gala na safari hii wameongeza mbio za wazazi, rilei ya medli, watu wanne kila mmoja na mtindo wake, mita 25. Siku ya kugawana mitindo nilichelewa kikao (jam ya Jinja Road mnaijua wenyewe), kufika nakuta fristaili ishachukuliwa, bresti (ya chura) ishachukuliwa, batafulai (ya kipepeo) kaichukua baba mmoja ana kifua kama kabati, nikaachiwa bekstroku. Na kumbe kwenye rilei ya medli bekstroku ndo inaanza, kwa sababu anayeogelea chali anaanzia ndani ya maji, sasa akiwekwa wa pili atakaa wapi na mwenzake anakuja kugusa ukuta. Kwa hiyo uwanja mzima utakuwa unaniangalia mimi.

Fristaili naiweza ya kufika, nilijifunza nikiwa sekondari. Chali pia nilikuwa naelea vizuri tu zamani. Lakini sasa hivi banange sijui kimeingia nini. Miguu inazama, naogelea kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Naenda upande, bwawa lenyewe ni la hoteli moja ya huku kwetu, halina kamba za leni (za kugawa njia za waogeleaji) wala bendera, liko nje, kwa hiyo juu hakuna dari ya kufuata mstari, ni mawingu tu na yenyewe yanatembea. Juzi nikajiambia nishike kitu kimoja angani, nikamshika kwa macho kalooli mmoja (yule ndege korongo) anazunguka, namwangalia yeye naogelea, kuja kushtuka niko kwenye ngazi za watoto. Maji yanaingia puani mpaka machozi. Na wiki tatu zilizopita nilifika ukutani bila kujua, nikaugonga kwa utosi, nikatoka nundu ya kuelezea ofisini.

Nikaona shida ni mikono haina nguvu, nikanunua vile vibao vya plastiki vya kuvaa viganjani, shilingi 70,000, sasa bega la kulia linauma na spidi ni ile ile. Nafanyia wapi kosa? Mtu wa miaka 41 anaweza kurekebishika ndani ya wiki 6 kweli? Naenda bwawani mara mbili kwa wiki, kiingilio 15,000, siwezi zaidi ya hapo.

afande_mstaafu

Kijana, sikia. Mimi maji nilijifunzia Ziwa Kyoga kabla hujazaliwa. Shida yako ni kulegea. Kaza shingo, kaza tumbo, inua kichwa uangalie vidole vya miguu, ukiviona vinatoka majini ujue miguu inafanya kazi, usipoviona ongeza teke. Mikono piga haraka haraka. Wiki 6 ni nyingi, sisi tulipewa siku 10.

Kocha_wa_Bukoto

Afande shikamoo. Kwa heshima zote mzee wangu, hapo kwenye kuinua kichwa ndo tunapoteana, hiyo ndo dawa ya kuzamisha miguu kabisa.

Kaka wa Kireka, mi nafundisha watoto na watu wazima, na bekstroku ya mtu mzima mara nyingi haiharibikii mikononi, inaharibikia shingoni. Mapafu yako ndo boya lako, yako kifuani. Kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, miguu nayo mizito, ni kama ule mchezo wa watoto wa kukalia ubao huyu akipanda huyu anashuka. Ukiinua kichwa uangalie vidole, nyonga zinashuka, zikishuka magoti yanajikunja, basi umekaa kwenye kiti kama ulivyosema mwenyewe. Hapo hata uvae vibao vya ukubwa wa sahani ya pilau unavuta maji huku unajipigia breki.

Masikio yawe ndani ya maji, yote mawili, maji yaguse pembeni ya uso. Kidevu kisishikane na kifua wala kisiende juu angani, nafasi ya ngumi moja hivi kati ya kidevu na shingo. Macho juu moja kwa moja au kidogo tu upande wa miguu. Alafu kifua ukisukumie chini kidogo utasikia nyonga zinapanda zenyewe, kitovu kinakuwa karibu na hewa.

Ila nina swali kabla sijaendelea, na nijibu kwa ukweli. Miguu ilianza kuzama kabla ya kugonga ukuta au baada?

Chali_wa_Kireka

Kocha... umenifanya nikae chini nifikirie. Baada. Kabla ya hapo nilikuwa naenda upande ndio lakini nilikuwa naelea. Tangu nundu ile kila mikono mitatu minne nageuza shingo nione ukuta uko wapi.

Kocha_wa_Bukoto

Basi hiyo ni woga wa ukuta, na una haki ya kuogopa, ukuta haukuoni na wewe huuoni. Kila ukigeuza shingo mwili unajikunja kama ndizi, ndo unazidi kwenda upande, na kila ukijiinua kuchungulia miguu inazama. Hapo shida mbili kati ya nne zako zimepata baba mmoja.

Sasa watu wengi wanadhani zile bendera za juu ya bwawa ni mapambo ya sherehe. Zile zinawekwa mita 5 kutoka ukutani, kila upande, bwawa la mita 25 au la 50 ni hivo hivo, zinaning'inia kama mita 1.8 juu ya maji. Kazi yake ni moja, mtu wa chali akiziona anaanza kuhesabu mikono. Kila mtu ana namba yake. Waogeleaji wazuri wanamaliza kwa mikono 3 au 4, mtu wa kawaida 5, 6, 7, haina aibu. Ukishaijua namba yako huna haja ya kugeuka tena maishani.

Bwawa lako halina bendera, basi tengeneza. Pima mita 5 kutoka ukutani kwa futi ya fundi, sio kwa hatua. Ongea na yule askari wa bwawa vizuri, fungeni kamba toka mti mpaka nguzo, ning'iniza vipande vya kaveera (mfuko wa plastiki) au kitambaa chekundu. Wakikataa kamba basi angalia kama kuna mwavuli au nguzo ya taa, sogeza kiti cha plastiki mpaka mstari wa mita 5, weka taulo la rangi juu yake, ukipita utaliona kwa pembe ya jicho. Alafu siku ya kwanza usiogelee kwa spidi kabisa. Anzia kwenye alama, chali, hesabu taratibu, mkono mmoja ukitangulia mbele kila wakati mpaka vidole viguse. Rudia mara 10. Andika namba. Siku nyingine rudia kwa spidi ya mbio maana namba inabadilika ukiongeza kasi.

Huku kwingine tutakuja.

Mama_Pacha_Jinja

Jamani mi nimejifunza kuogelea nikiwa na miaka 36 baada ya kujifungua pacha, kwa hiyo kaka usiseme 41 ni mzee.

Ya pua naijua mimi. Watu wanasema chali ni rahisi maana uso uko nje, pumua unavotaka, uongo mtupu. Mkono ukipita juu unadondosha maji usoni na wewe ndo unavuta hewa, yanashuka puani moja kwa moja. Nilichofundishwa ni kuvuta pumzi kwa mdomo mkono mmoja ukipanda, tuseme wa kulia, na kuitoa puani wa kushoto ukipanda, kila mzunguko hivo hivo bila kukosa. Na ukisukuma ukuta kuanza unaimba mmmmmmm puani mpaka utokee juu. Imba kweli, sio kwa mawazo. Hewa ikiwa inatoka maji hayana njia ya kuingia. Wanangu walinicheka mpaka wakachoka lakini sijameza maji tangu hapo.

Miguu nayo, mi nilikuwa naendesha baiskeli, magoti yanatoka nje ya maji kama visiwa. Mwalimu wangu akaniambia fikiria umevaa slipasi imelegea, unataka kuirusha iende juu bila goti kutoka nje. Teke linaanzia nyonga, goti linajikunja kidogo tu, mguu wa chini ndo unarushwa, vidole vimenyooka na vinatazamana kwa ndani kidogo. Ukifanya sawa hakuna mirusho mikubwa, maji yanachemka tu juu ya vidole kama uji ukikaribia kuiva. Kama magoti yanagonga hewa simama anza upya.

Na kwa wanawake wenzangu wenye rasta wanaosoma hapa, nywele zikilowa ni nzito na zinavuta kichwa nyuma, kofia ndogo zinachomoka katikati ya bwawa. Zile kofia kubwa za nywele zetu walizikatalia Olimpiki ya Tokyo 2021, kelele zikapigwa, 2022 wakaziruhusu. Kwa hiyo mtu asikutishe klabuni.

Salim_Arua

Mi ni mtu wa pwani nimehamia Arua kwa biashara, nimekulia baharini Mombasa, na nikwambie kitu, maji ya chumvi yanakubeba, ni mazito zaidi. Nilipokuja kuogelea bwawani mara ya kwanza nilishangaa miguu yangu imekwenda wapi. Kwa hiyo kaka hata wanaojua wanazama wakibadilisha maji.

Nataka kusema juu ya hilo bega kwa sababu na mimi liliniuma mwaka mzima. Vua hivyo vibao leo. Bega la bekstroku huwa linauma kwa sababu mbili. Ya kwanza mkono unaingia nyuma ya kichwa, unavuka mstari wa katikati. Fikiria umelala juu ya uso wa saa, kichwa ni 12. Mikono iingie saa 11 na saa 1, mbele ya bega lake, basi. Tatizo ukiwa majini unajiona uko saa 1 kumbe umeshavuka 12 uko upande wa pili, mwili unadanganya. Kwa hiyo wewe lenga saa 10 na saa 2, ujisikie kama umeipanua mno, ndo utaangukia mahali sahihi. Na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda upande, mkono mmoja ukivuka unausukuma mwili kwenda kule. Angalia ukienda upande ni upande gani siku zote, kama ni kushoto basi kuna mkono mmoja hausemi ukweli.

Ya pili mwili umelala bapa kama chapati. Chali haiogelewi bapa. Unabiringika, bega hili linashuka lile linatoka majini, nyonga zinafuata, kama digrii 30 au zaidi kidogo kila upande. Kichwa peke yake ndo hakitembei. Bega likishatoka nje mkono unapanda bila kubeba maji, na ule uliozama unakuwa umeshafika chini unapokamata. Ukiwa bapa bega linalazimika kujipinda nyuma lenyewe, siku ya tatu unatafuta dawa ya kuchua.

Mkono wenyewe sasa, unatoka majini kidole gumba kikitangulia, umenyooka, karibu na paja. Ukipita juu ya uso unaugeuza, kinaingia kidole cha mwisho kwanza, kile kidogo, ili kiganja kisipige maji pwaa kama unaua mbu. Ukishaingia usivute kwa mkono ulionyooka kama kasia. Kunja kiwiko, kiwiko kielekee chini sakafuni na kiganja kielekee miguuni, ukifika usawa wa bega kiwiko kimejikunja karibu pembe mraba, hapo unasukuma kama unarusha mpira kuelekea miguu, unamalizia chini ya nyonga. Kile kisukumo cha mwisho ndo kinambiringisha mtu upande wa pili. Mikono yote ipokezane, huu ukiingia ule unatoka, isikutane pale pajani kupumzika. Hilo la kupumzisha mkono pajani karibu kila mtu mzima analo na hajijui.

Mtani_wa_Mukono

Mi naona njia rahisi ni kumpa baba kabati bekstroku wewe ubebe mabegi 😂

afande_mstaafu

Kocha marahaba. Nimesoma yote na nimekwenda kujaribu. Kuna bwawa mjukuu wangu anaenda, nimeingia. Nimeinua kichwa kuangalia vidole kama nilivyosema, nikazama. Nimelaza kichwa kama ulivyosema, nikaelea. Kwa hiyo naondoa amri yangu ya kwanza.

Lakini nisikilizeni kwa moja. Kule tulikofundishwa hatukufundishwa mbio, tulifundishwa kulala chali na kukaa. Nimeona vijana wa kuvua ziwani wanajua kupiga mikono lakini mtumbwi ukipinduka wanapigana na maji dakika 5 wamekwisha. Aliyejua kulala chali akatulia ndiye tulimkuta. Mfundishe mtoto kwanza hiyo kabla ya medali.

Mama_Pacha_Jinja

Afande hapo umesema. Ila mtu asisome hapa akakimbilia ziwani kufanya mazoezi ya bure, pale pwani penye majani na konokono ndo nyumba ya kichocho, na ziwa letu hili linajulikana kwa hilo. Mi binamu yangu alitibiwa. Kama umeshaingia nenda ukapime, dawa zipo.

Kocha_wa_Bukoto

Afande nimefurahi sana 🙏 na nakuiba hilo la kulala chali, watoto wangu wapya wanaanzia hapo hapo.

Kaka, haya sasa zoezi. Una mara mbili kwa wiki, yani mara 12 mpaka gala, zinatosha. Nusu saa ya kwanza ya kila siku usiguse mikono kabisa. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ile ya plastiki, ijaze nusu, lala chali mikono ubavuni, isimamishe juu ya paji la uso. Piga miguu. Ikidondoka rudi mwanzo. Siku ya kwanza itadondoka kabla hujafika popote, utajisikia mjinga na watoto watakuzunguka, vumilia. Chupa ikikaa urefu mzima wa bwawa ongeza kubiringisha mabega, kulia, kushoto, mikono bado ubavuni, chupa isitikisike. Hapo ndo utaelewa maneno ya Salim kwamba mwili unazunguka na kichwa kimetulia. Ikishakaa hiyo ongeza mkono mmoja mmoja. Mikono yote miwili njoo nayo wiki ya tatu.

Kwa kwenda upande, ogelea karibu na ukuta wa pembeni, nusu mita hivi, uuone kwa pembe ya jicho bila kugeuka. Nje hakuna dari kwa hiyo shika kitu kisichotembea, ukingo wa paa, waya wa umeme, mnara. Kalooli achana naye.

Ukitaka kuona kichwa kilichotulia tafuta video ya Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mita 200 za Beijing 2008, dhahabu yake ya pili ya mtindo huo huo maana ya kwanza ni Athens 2004. Ndo huyo huyo aliyechaguliwa 2025 kuwa rais wa kamati ya Olimpiki ya kimataifa. Muonyeshe na binti yako, ni mtoto wa Harare yule, hajashuka kutoka mbinguni.

Kuhusu kuanza. Unashika ukingo au vile vyuma, miguu ukutani upana wa mabega, vidole vya miguu visikunjwe juu ya ukingo wa mfereji wa pembeni mwa bwawa, ni kosa. Ukisikia ishara tupa kichwa nyuma kwanza, mikono ifuate, sukuma. Wakubwa wanaruka kama upinde, wewe sukuma tu ukiwa umenyooka, viganja vimepandana juu ya kichwa, chini ya maji kidogo, piga mateke manne ukiimba mmmm ya Mama Pacha, toka. Sheria inaruhusu kukaa chini mpaka mita 15, na hiyo ilikuja kwa sababu ya watu kama David Berkoff wa Marekani, kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 alikuwa anakwenda zaidi ya mita 30 chini ya maji kwa mateke tu, wakaweka kikomo cha 10 kwanza baadaye 15. Wewe mita 4 zinatosha, usije ukatuzimikia.

Na kumalizia, tafadhali sana. Unagusa ukiwa CHALI. Kuna mzazi mmoja mwaka fulani alikuwa anaongoza, mita 2 za mwisho akageuka kifudifudi ashike ukuta kwa mikono miwili, timu nzima ikafutwa. Mkewe ndo alikuwa anangoja kuruka mtu wa pili. Sikusikia walichoongea kwenye gari. Huko kugeuka unakoona kwa wanaopinduka kunaruhusiwa kwenye kona tu, pale mtu anapofika ukutani na kurudi, na wewe mita 25 huna kona.

Chali_wa_Kireka

Wiki ya tatu naripoti. Chupa ilidondoka mara 14 siku ya kwanza, kuna mtoto akawa ananihesabia kwa sauti. Leo imevuka bwawa mzima na kurudi nusu. Kamba ya kaveera ilikubaliwa baada ya soda mbili. Namba yangu ni 7 polepole na 6 nikikaza, na nimegundua kitu, siku niliyoijua hiyo namba shingo ililegea yenyewe, sikuilegeza mimi. Miguu iko juu. Bega bado linalalamika kidogo asubuhi.

Salim nimefanya ulivosema, nilikuwa naenda kushoto kila siku, mke wangu akanichukua video akiwa amesimama upande wa kichwani, mkono wa kulia unaingia kabisa nyuma ya sikio la kushoto! Mi nilikuwa naapa uko sawa. Sasa nalenga saa 2, najisikia kama naongoza magari barabarani lakini kwenye video ndo inaonekana sawa.

Salim_Arua

Hahaha mwili ni mwongo huo. Bega lipe wiki, na usilalie upande huo.

Chali_wa_Kireka

Wadau gala ilikuwa jana. Nimengoja leo niandike vizuri.

Bwawa lina leni na bendera za kweli, nilipoziona nikataka kuzisalimia. Kuanza niliteleza kidogo, mguu wa kushoto uliponyoka ukutani nikaingia upande upande, mmmm ikanisaidia, nilitokea nimenyooka. Katikati sikumbuki chochote, nakumbuka anga na ukingo wa paa la mabati nililolishika kwa macho upande wa kushoto. Bendera zikapita juu ya uso. Moja, mbili, tatu, hapo moyo ukasema geuka uone, nikaukatalia, nne, tano, sita, vidole vikagusa. Vidole, sio utosi! Tulikuwa wa pili kati ya timu nne wakati naguswa kichwani na mama wa bresti akinirukia juu.

Tukamaliza wa tatu. Baba kabati alifika katikati batafulai ikamshinda, akasimama sakafuni akapumua mara mbili akaendelea, waamuzi wa wazazi wakajifanya hawakuona. Simsemi, mi najua bekstroku ilinifanya nini.

Binti akaniambia, "Taata, ulikuwa umelala kama kwa kitanda." Sijui kama ni sifa.

Kocha_wa_Bukoto

Ni sifa. Hiyo naiandika ubaoni kwangu.

afande_mstaafu

Hongera. Miguu kuteleza ukutani, mwakani uiweke chini zaidi kidogo, isilingane, mmoja juu ya mwingine. Hilo nimelijaribu kabla ya kuandika.

Mtani_wa_Mukono

Vile vibao vya 70,000 bado unavyo? Bega langu ni zima.

Chali_wa_Kireka

Elfu 40, njoo Kireka uchukue. Na ukija nakuongezea kamba ya kaveera, hoteli wamesema niitoe kabla ya Jumamosi wana harusi.